Picha ya Themanini na Saba

Mpiga picha alimbeba Mama Dobi kutoka chini ya ngazi za chuma hadi getini, na muda wote huo balbu ya ngazini ilikuwa mfukoni mwa koti lake. Mama wa watu alikuwa mzito kuliko alivyoonekana. Mguu wake wa kulia ulining'inia vibaya, na kila hatua alitoa mguno uliomkata mbebaji maini. Wapangaji walitoka vyumbani wakimulika kwa simu, huyu akipigia teksi, yule akitafuta kitu cha kumfunika. Mashuka ya nyumba ya wageni, aliyokuwa anayapandisha darini kuanika, yalikuwa yametapakaa ngazini.

"Giza, jamani," alisema Mama Dobi. "Nimekanyaga hewa."

"Taa imeibwa!" sauti ikajibu huko juu. "Nyumba hii ina mdudu."

Mpiga picha alifungua mdomo. Hapo ndipo palikuwa mahali pake pa kusema, na alipajua. Lakini mama aliteleza kidogo mikononi, ikabidi amwinue na kumbana vizuri zaidi, balbu ikabanwa kati yao wawili. Teksi ikafika, mlango ukafunguliwa, kila mtu akaanza kutoa amri. Gari lilipoondoka, mpiga picha alikuwa bado amefunga mdomo wake.

Wapangaji walimwita Mnajimu, kwa utani, kwa sababu ya darubini aliyoifunga darini. Mchana alipiga picha za pasipoti katika kibanda karibu na kituo cha mabasi: kidevu juu, usitabasamu, inayofuata. Usiku alipiga picha za galaksi. Vijana walimsimamisha uani wakimwuliza nyota zao zinasemaje, watapata wake mwaka huu au wasubiri, naye alicheka kidogo akapita. Angewaelezaje? Mwaka huu alikuwa anazifuata galaksi mbili zilizowahi kukaribiana sana zikavutana, moja ikatokwa na mkia mrefu, mwembamba kama mvuke wa chai. Nuru ya mkia ule ilikuwa imesafiri mamilioni ya miaka, halafu ikija kufika juu ya nyumba yao inamezwa na balbu moja ya ngazini.

Balbu ile iliwaka usiku kucha na mchana kutwa. Swichi yake ilikuwa ndani ya boksi lenye kufuli, na ufunguo wa kufuli alikuwa nao mwenye nyumba. Basi mpiga picha aliifungua balbu yenyewe kwa mkono kila alipopanda, saa sita au saa saba za usiku, akaiacha kamera ijipigie yenyewe, akashuka kulala. Saa kumi alfajiri simu ilimwamsha, akapanda, akairudisha. Mama Dobi hakupanda kabla ya saa kumi na moja. Miezi minane hesabu hiyo haikumwangusha mtu.

Usiku ule anga lilikuwa safi ajabu. Kwa tamaa ya picha chache zaidi, alisogeza mlio wa simu hadi saa kumi na moja kasoro robo. Naye Mama Dobi, aliyetakiwa kukabidhi mashuka mapema, akapanda saa kumi na nusu na ushei.

* * *

Mwenye nyumba alikuja kabla ya adhuhuri. Alikuwa mtu wa shati lililopigwa pasi na sauti ya chini, na sauti yake ilipozidi kushuka ndipo watu walipozidi kuogopa. Alitazama soketi tupu, akatazama damu kidogo iliyokaukia kwenye chuma, kisha akaagiza aitwe Kamanda.

Kamanda alikuwa mlinzi wa nyumba, mtu wa makamo, mwembamba, mwenye buti lililomzidi mguu. Alitokea nje ya geti, siyo ndani, na viatu vyake vilikuwa vyeupe kwa saruji.

"Taa iko wapi?" aliuliza mwenye nyumba.

"Mzee, usiku sikuwepo. Ulinituma kwenye kiwanja chako, nikalinde saruji."

Watu waligeuza shingo. Kumbe nyumba nzima ililala bila mlinzi, na kodi ya ulinzi wanalipa kila mwezi. Mwenye nyumba aliliona hilo machoni mwao, akawahi kulikanyaga.

"Nimekuuliza taa, sijakuuliza saruji. Uliondoka nayo au uliiuza kabla ya kuondoka? Fungueni chumba chake."

Kilikuwa chumba cha kusimama na kulala tu, pembeni ya geti. Walitoa godoro nje, wakatoa sufuria, wakatoa suruali yake ya kanisani, vyote vikawekwa juani watu wakiangalia. Chini ya godoro ilipatikana balbu moja, imefungwa kwenye soksi.

"Hiyo ni yangu," alisema Kamanda. "Nimeinunua."

"Chumba chako kina balbu. Ya pili ya nini?"

Kamanda aliinama akaanza kukunja suruali yake. Mwenye nyumba alitangaza kwamba mshahara wa mwezi unazuiwa kwa ajili ya hospitali, kwamba Jumamosi wapangaji wote wakutane uani amalizane na mtu huyu mbele yao, na kwamba hatatia balbu nyingine pale mpaka mwizi apatikane. "Siwezi kuwalisha wezi," alisema.

Mpiga picha alikuwa amesimama nyuma ya watu, mkono mfukoni. Hakuna hata jicho moja lililomgeukia. Taa huibwa, nani angefikiri kwamba mtu mzima mwenye akili zake anaweza kuitoa taa makusudi ili apate giza?

* * *

Tangu siku hiyo hakutulia. Kibandani alikata picha za watu masikio. Mteja mmoja alimrudishia picha zote nne akamwambia, "Kaka, mimi nina shingo." Nyumbani alikaa, akasimama, akaenda dirishani, akarudi. Mke wake, msusi, aliyesukia wateja katika chumba cha mbele, alimwambia atulie, anawatia watu kizunguzungu.

Na kilichomtesa zaidi ni kwamba giza lilimfaa. Mwezi haukuwepo wiki nzima, soketi ilikuwa tupu, na dari lilikuwa jeusi kuliko lilivyowahi kuwa. Jumatatu usiku aliapa hatapanda. Saa sita alikuwa anapanda, akipapasa chuma kwa mkono, akinyata kama alivyojizoesha, maana mtikisiko wa hatua moja tu ulitosha kuharibu picha. Jumanne alipanda tena. Alijichukia na alipanda.

Jumatano mke wake alifua nguo. Kwa kawaida alimpa Mama Dobi, lakini Mama Dobi alikuwa amelazwa, mguu juu. Alipofika kwenye koti, aliingiza mkono mfukoni kutoa karatasi zinazosahauliwa humo. Akaingia chumbani na povu mikononi, akafunga mlango kwa kisigino.

"Hii nini?"

"Balbu."

"Naona ni balbu. Sijakuuliza jina lake."

Mpiga picha alikaa kitandani. Alimweleza, kwa sauti ya chini, na jambo zima likachukua muda mfupi kuliko alivyodhani. Mke alisikiliza akiwa amesimama, povu likimdondoka kwenye vidole vya miguu.

"Na umekaa kimya. Siku tatu."

"Nilitaka kusema palepale. Halafu teksi ikaja."

"Teksi!" alisema mke. "Basi nenda sasa hivi. Nenda kwa mwenye nyumba."

Mpiga picha alisimama. Alikuwa karibu amefika mlangoni, na moyo wake ulikuwa umeanza kuwa mwepesi, mke alipomshika mkono wa shati.

"Ngoja. Ngoja kwanza." Macho yake yalikuwa yanazunguka chumba: kioo kikubwa alichokilipia kidogo kidogo mwaka mzima, viti vitatu, kopo la vitana. "Ukisema leo, kesho tuko barabarani na viti vyangu. Wateja watanifuata wapi? Na hospitali watatudai sisi."

"Kwa hiyo?"

"Sijui. Usiniulize mimi, mimi sikuitoa taa." Akaichukua balbu, akaisukuma chini kabisa ya kikapu cha nywele za bandia, akaondoka kwenda kusuuza. Tangu hapo walikuwa wawili wenye siri, na chumba kikawa kidogo zaidi.

* * *

Alhamisi wateja walikuwa wawili, mmoja anasukwa, mwingine anasubiri zamu. Mpiga picha alikuwa nyuma ya pazia na kompyuta yake, na kila neno lilimfikia.

"Mlinzi mwenyewe ndiye mwizi," alisema wa kwanza. "Kikulacho ki nguoni mwako."

"Mimi bado siamini," alisema wa pili. "Yule mzee juzijuzi aliokota simu yangu, akanisubiri nayo mpaka usiku. Mtu wa kurudisha simu aibe balbu? Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Eti dada, wewe unasemaje?"

Msusi alikuwa ameingiza mkono kwenye kikapu kuchomoa nywele. Mkono ulikaa humo kidogo.

"Inamisha kichwa," alisema. "Mimi sisemi kitu."

Nyuma ya pazia mpiga picha alikuwa anachambua. Ndivyo kazi ile inavyokwenda: picha moja ya dakika tatu haionyeshi kitu, weusi tu na vidoa. Lazima zipigwe mamia, kisha kompyuta izilaze moja juu ya nyingine mpaka kilichofifia kijitokeze. Na kabla ya kuzilaza, mbovu hutupwa. Iliyopitiwa na ndege hutupwa, iliyoingiwa na wingu hutupwa. Alizipitia za Jumatatu alfajiri haraka haraka, nzuri, nzuri, nzuri. Akafika ya themanini na saba.

Kila nyota ilikuwa imeruka. Mahali pa kidoa palikuwa na mkwaruzo, umepinda kulia, ukarudi, ukapinda tena, na mikwaruzo yote ilifanana, ya nyota kubwa na ya nyota ndogo, kama mkono mmoja umeisukuma mbingu nzima mara moja. Chini kompyuta iliandika saa yake: kumi na dakika thelathini na saba. Stendi ya darubini ilikuwa imefungwa kwenye zege, na ngazi za chuma zilikuwa zimefungwa kwenye zege hiyohiyo. Alikuwa anamtazama Mama Dobi akianguka.

Kompyuta ilimwuliza, kama inavyouliza siku zote, kama aitupe. Ya themanini na nane ilikuwa safi, nyota zimetulia, kama hakuna lililotokea duniani.

Hakuitupa. Hakujua aiweke wapi, lakini hakuitupa. Na usiku ule, Mungu amsamehe, alipanda tena, kwa sababu zilibaki picha arobaini tu.

* * *

Jumamosi saa nne asubuhi uani palijaa. Mama Dobi alikuwa ameruhusiwa jana yake. Aliwekwa kwenye kiti cha plastiki kivulini, mguu mweupe kwa plasta umenyooshwa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Msusi alisimama mlangoni kwake, mikono imefumbatwa. Mpiga picha alisimama karibu na ngazi. Picha ilikuwa imekamilika tangu alfajiri. Mkia ulikuwa umetokea wote, mpaka ncha, na alipouona hakusikia furaha yoyote. Hilo lilimtisha.

Mwenye nyumba alisema mengi kwa sauti ya chini. Mwishoni akauliza, "Kuna mwenye la kusema kabla sijachukua ufunguo wa geti?"

Mpiga picha alitazama kioo cha mke wake kiking'aa ndani ya mlango. Alihesabu moja, akahesabu mbili. Kamanda, ambaye alikuwa anatazama chini, aliinua macho, akamtazama yeye. Siyo mwenye nyumba, siyo Mama Dobi. Yeye. Alimtazama kiasi cha mtu kuvuta pumzi mara mbili, kisha akautoa ufunguo mfukoni na kuuweka kwenye kiganja cha mwenye nyumba.

"Sawa, mzee," alisema. Akatoka getini.

Godoro lake lilikuwa tayari limefungwa kamba kando ya barabara, sufuria juu yake. Mpiga picha alimfuata. Hakuamua kumfuata, miguu ndiyo iliyotangulia.

"Mzee wangu," alisema. "Taa niliitoa mimi."

"Najua," alisema Kamanda, akikaza kamba.

"Unajua?"

"Unadhani mlinzi anafanya nini usiku? Anaangalia. Kila ulipopanda usiku taa ilizimika, kila ulipopanda tena saa kumi ikawaka. Siku nyingine hukurudi."

Mpiga picha alizikumbuka siku hizo. Zilikuwa nne, alizopitiwa na usingizi akaamka jua limetoka, akakimbilia ngazini na moyo mkononi akakuta soketi tupu, hakuna aliyeumia. Kila mara alisema, Mungu mkubwa.

"Mungu mkubwa kweli," alisema Kamanda, alipoambiwa. "Lakini siku hizo nilipanda mimi, nikaweka balbu yangu. Kukipambazuka naitoa, naiweka kwenye soksi, nisije nikakuaibisha. Ndiyo ile waliyoiona chini ya godoro."

Gari lilipita, wakasubiri lipite.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Mara ya kwanza nilipanda nikugombeze. Nikakuta ile mashine inafanya kazi peke yake, na kwenye kompyuta kando yake kuna picha yako ya zamani, kitu kama moshi. Sikukielewa. Nikasema, huyu jirani angalau anatafuta kitu. Wengine wanalewa tu."

"Na leo? Ungesema leo!"

"Nikisema mimi, ungekana, nikawa mwizi na mwongo." Kamanda alikaa juu ya godoro lake. "Au pengine usingekana. Wiki nzima nilitaka kujua. Nimengoja useme, Mnajimu. Jumatatu nilingoja, Jumanne nilingoja. Juzi usiku nikakusikia unapanda tena."

Aibu ilimpanda mpiga picha mpaka masikioni, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu ile alisimama mahali pamoja bila kuhama.

"Mkokoteni wa kubeba vitu vyangu bado haujafika," alisema Kamanda, bila kumtazama.

* * *

Alirudi uani kwa kishindo, yeye aliyejizoesha kunyata, akipita katikati ya watu waliokuwa wanaanza kutawanyika. Mke wake alimwona uso, akajua. Aliingia ndani, akatoka na balbu, nyuzi za nywele za bandia zimeizunguka, akamwekea mkononi. "Sema wewe," alimwambia. "Nitabeba viti."

"Kamanda hakuiba," alisema mpiga picha. "Balbu hii hapa. Niliifungua mimi usiku ule ili nipige picha, nikachelewa kuirudisha. Nimeificha wiki nzima."

"Picha," alisema mwenye nyumba. "Picha ya nini?"

Alitaka kusema juu ya zile galaksi mbili na ule mkia. Lakini mbele ya mguu ule wa plasta, maneno yale yote yalikuwa mepesi mno.

"Ya kitu cha mbali," alisema.

Mtu mmoja alicheka. Mwingine akatukana, tusi zito, na hakuna aliyemkanya. Mwenye nyumba alisema hospitali ni juu yake, darubini ishuke leo, na chumba akiache mwisho wa mwezi. Kuhusu Kamanda alisema ataangalia. Hapo yule mteja wa kusubiri zamu, aliyerudishiwa simu, akauliza kwa sauti ataangalia nini, na nani alimtuma mlinzi wao kulinda saruji. Watu wakapaza sauti. Ya mwenye nyumba ilikuwa ya chini sana safari hii, haikusikika, na ufunguo ukarudi kwa Kamanda getini, kwa mkono wa msusi.

Mpiga picha alipanda ngazi akaifunga balbu kwenye soketi. Iliwaka mchana kweupe, watu wote wakiitazama. Aliposhuka, Mama Dobi alikuwa anamwita kwa kidole. Alikwenda akapiga magoti mbele ya ndoo, tayari kwa lolote, hata kofi.

"Mwanangu," alisema Mama Dobi, taratibu. "Uliponibeba, ilikuwa wapi?"

"Mfukoni, mama. Kwenye koti."

Mama Dobi aliweka mkono ubavuni, akapatafuta, akapapata.

"Kuna kitu kilinichoma hapa njia nzima," alisema. "Nilidhani ni mfupa wangu."